Kaimu Mlima

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana anayeijua ataijua tu, na asiyeijua amshukuru Mungu wake. Katika nchi hiyo kuna desturi ya kupisha. Msafara wa Mtukufu ukipita, magari yanapisha. Hilo mtasema lipo kila mahali, na kweli lipo. Lakini wenzetu hao hata majina yao yanapisha. Mtukufu akilipenda jina, mwenye jina analivua kama kofia mlangoni, halafu anakaa kusubiri apewe jingine. Kuna mto kule kusini ambao jina lake alipewa farasi wa Ikulu. Mto ukakaa bila jina mpaka wavuvi wakashindwa kuuza samaki sokoni, kwa kuwa kila mteja aliuliza wametoka wapi na hakuna aliyeruhusiwa kujibu. Watu wakanung'unika kidogo, kisha wakazoea. Kuzoea ndiyo kazi kubwa ya wananchi wa huko, na wanaifanya bila mapumziko.

Sasa, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo kuna safu ya milima inayoitwa Ngorwe. Nisameheni, iliyokuwa inaitwa. Ni milima mirefu kuliko kitu chochote nchini, na baridi yake inapasua midomo. Lami inaishia mahali ambapo Waziri wa Ujenzi alichoka kukaa garini. Kutoka hapo ni matope na kudra ya Mungu. Hakuna mkubwa aliyewahi kufika huko. Lakini Mtukufu alikuwa anakaribia kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, na washauri wake walikuwa wameshamwita Simba, Jua, Nguzo, Taa na Baba wa Baba Zetu. Walikuwa wameishiwa. Ikabidi watafute kitu kirefu.

Basi ikatangazwa redioni, baada ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, kwamba kuanzia siku hiyo Mtukufu ndiye Ngorwe. Mtangazaji akaongeza kuwa milima iliyokuwa ikilitumia jina hilo imepisha kwa hiari yake yenyewe, na kwa furaha isiyo kifani.

Bwana Matola alilisikia tangazo hilo akiwa ofisini kwake, Wizara ya Majina na Matumizi Yake, Idara ya Matumizi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu apate ajira. Alizaliwa kulekule milimani, na mama yake mzazi alikuwa bado anaishi huko. Wenzake wakamjia mmoja mmoja kumpa mkono.

"Hongera, Matola! Kwenu mmetoa jina!"

"Asanteni," akasema. Angesema nini jamani?

Kazi ya kufuta akakabidhiwa yeye. Kibao cha shule kikapakwa rangi, na cha soko, na cha zahanati. Ukaja wimbo wa harusi unaopendwa na nchi nzima, ambao kiitikio chake kinawasifu wasichana wa Ngorwe; wakamwita fundi mitambo, naye akaweka kikohozi kila mahali palipokuwa na jina. Mpaka leo maharusi wa nchi ile wanacheza, na watu wazima na akili zao wanakohoa kwa pamoja. Matola aliweka sahihi kwenye yote hayo. Alikuwa amechoka, na sahihi haimtoi mtu jasho.

Simu ya dada yake ndiyo iliyomgutusha.

"Kaka, mama kifua kimembana," alisema Nasike kutoka milimani. "Bwana mganga wa zahanati anasema ni homa ya mapafu. Sindano zimemwishia. Anasema zipo kwenye lori la dawa, na lori lilitakiwa liwe limeshafika kabla ya baridi. Liko wapi?"

Matola akafunua pazia. Ng'ambo ya barabara, katika ua wa bohari ya dawa, lori lilikuwa limesimama na turubai lake limefungwa vizuri.

"Liko hapa. Naliona."

"Mbona haliji?"

"Halina pa kwenda, Nasike."



"Kaka," dada yake akauliza taratibu, "umekunywa?"

Matola alishuka akavuka barabara. Dereva wa lori, Bwana Kitojo, alikuwa amekaa chini ya lori anamenya muhogo. Alikuwa amekaa hapo siku nyingi kiasi kwamba kuku wa jirani walikuwa wameanza kutaga kwenye gurudumu la akiba.

"Ndugu yangu, usiniangalie hivyo," Kitojo akasema. "Njia naijua hata nikiwa usingizini. Lakini walinzi wa geti hawafungui mpaka useme unakwenda wapi. Nimewaambia nakwenda kule juu. Juu wapi? Nikasema juu kwenye baridi. Wakaniambia baridi si mahali. Nikalitaja lile jina, eh! Wakanishika ukosi, wakaniuliza, dawa za kifua nampelekea Mtukufu? Nani kaniambia anaumwa? Nusura nilale ndani."

Palepale Matola akaelewa kazi iliyo mbele yake. Ilikuwa lazima milima ipate jina, jina lolote lile, na lipatikane upesi, maana mama yake alikuwa anapumua kwa kubahatisha.

Bahati nzuri, kamati ya kuipatia milima jina ilikuwa imeshaundwa. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Dokta Mwinyikambi. Udaktari wa kwanza alipewa na chuo, wa pili alijipa mwenyewe alipoona wa kwanza umezoeleka. Kamati ilikaa hotelini kando ya ziwa, kwa sababu, kama alivyoeleza Mheshimiwa, mtu hawezi kuufikiria mlima akiwa karibu nao.

"Ndugu wajumbe," alisema akifungua kikao, "mlima ni nini? Nauliza tena. Mlima ni nini? Mlima ni ardhi iliyopata maendeleo kabla ya ardhi nyingine! Kwa hiyo jina tutakalotoa leo litasomwa na vizazi, na vizazi vya vizazi, na ikibidi hata vya majirani. Tusikurupuke."

Hawakukurupuka. Mjumbe mmoja akapendekeza Milima Mirefu. Likakataliwa, mirefu kuliko nani? Mwingine akasema Milima ya Kaskazini. Likakataliwa kwa sababu kaskazini ndiko Mtukufu alikopata kura chache. Milima ya Amani? Amani ni jina la gereza. Milima ya Baridi? Inaweza kuonekana kama serikali imeshindwa kupasha joto. Kufika saa ya chai, mjumbe mmoja mzee alikuwa anakoroma, na katika usingizi wake akasema "Halima". Jina hilo likajadiliwa mpaka chakula cha mchana.

Matola, ambaye kazi yake pale ilikuwa kusogeza kipaza sauti, akashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, samahani. Jina lolote litatosha. Hata tukisema Milima, basi."

"Milima basi?" Waziri akamkazia macho. "Matola, unataka mlima uonekane hauna serikali?"

"Mheshimiwa, mama yangu yuko huko. Anaumwa sana, na dawa ziko kwenye lori."

Waziri akalegea. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Akamwekea Matola mkono begani.

"Pole sana, kijana wangu. Mama ni mama. Kwa nini usimpeleke ng'ambo?"

Jioni kamati ikakubaliana kwamba, wakati mashauriano yanaendelea, milima itajwe kama Miinuko Husika. Matola alikimbia na jina hilo mpaka getini, pumzi zikimtoka. Mlinzi akalisikiliza, akalirudia polepole.

"Miinuko Husika. Inayohusika na nini?"

"Haijaelezwa."

"Ikielezwa mrudi," mlinzi akasema, akaenda kunywa uji.

Kesho yake Nasike alipopiga simu tena, hakuuliza habari za lori. Alisema tu mama ameanza kuweweseka, na anamwita Matola kwa jina la utotoni. Matola alikaa kwenye ngazi za wizara, simu sikioni, hata baada ya simu kukatika.  Alitamani kupiga ukelele, lakini pale wizarani ukelele nao una utaratibu wake.

Hapo ndipo alipomwona shangazi yake, Bi Nyandwi, anakuja katikati ya barabara kuu, na magari ya wakubwa yanampigia honi. Alikuwa amenyoa kichwa. Nyuma yake wazee wa milimani walimvuta mbuzi, na mmoja amejitwika kigoda cha miguu mitatu.

"Shikamoo, Shangazi! Mnafanya nini huku? Mbona umenyoa, nani amekufa?"

"Marahaba, mwanangu. Amekufa mlima."

"Shangazi!"

"Usinipigie kelele. Wewe mtoto wa kwetu hujui? Jina la aliye hai halichukuliwi. Likichukuliwa, mwenyewe amekwenda. Tumesikia redioni kwamba kuna mtu amechukua jina. Basi tumelia, tumenyoa, tumekaa matanga mpaka tumemaliza. Tulishangaa kidogo maana mlima wenyewe tulikuwa tunauona palepale, lakini serikali haiwezi kudanganya redioni. Sasa tumekuja kumkalisha mrithi."

Matola alihisi baridi ya kwao imemfuata mpaka mjini. Desturi hiyo aliijua vizuri. Kwao, anayerithi jina la marehemu hukalishwa kwenye kigoda, hufunikwa kitambaa cheusi, na husomewa mbele ya watu kazi zote za marehemu. Tangu hapo kazi hizo ni zake. Asipoziweza analitema jina palepale, na hakuna anayemlaumu.

"Watawafunga, Shangazi. Nakuomba, rudini."

"Tukirudi tutamwambia nini mama yako? Yeye ndiye aliyetutuma. Anasema tukamuulize huyo mrithi, dawa ziko wapi."

 Kabla Matola hajajibu, Waziri alikuwa ameshachungulia dirishani, akaona wazee, akaona mbuzi, na akaelewa jinsi anavyoelewa yeye.

"Wametoka milimani kuja kupongeza!" akapaza sauti. "Kwa miguu! Ita televisheni!"

Saa kumi jioni uwanja wa Ikulu ulijaa. Bendi ilipiga ule wimbo wa harusi na mabalozi wakakohoa inavyopasa. Mtukufu alitoka akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Alikuwa mzee kuliko picha zake. Alipoonyeshwa kigoda akafurahi, maana alikuwa ametamani kukaa tangu asubuhi, na walipomfunika kitambaa cheusi mabegani akasema, "Kizuri, kina joto."

Bi Nyandwi akapiga magoti mbele yake.

"Pole na msiba, baba."

"Asante, mama, asante," akasema Mtukufu, aliyezoea kushukuru bila kusikiliza.

"Umepokea jina, sasa pokea na kazi zake. Marehemu alitupa maji. Hatukumwomba, alikuwa akitoa tu, masika na kiangazi. Utatoa maji. Marehemu alituzuilia upepo unaoua ndama. Utazuia upepo. Marehemu hakuwahi kusafiri. Hatujawahi kuamka tukaambiwa amekwenda ng'ambo kutibiwa. Utakaa kwetu, mahali pake, na hutaondoka. Marehemu hakuhutubia. Utanyamaza. Na tukifiwa, marehemu ndiye aliyepokea maiti wetu. Mtoto mkubwa humwita kwa jina lake kaburini, naye huitika, ndipo tunafukia. Asipoitika hatuweki udongo. Kwa hiyo baba, tukikuita, uitike."

Mbuzi peke yake ndiye aliyelia. Kwenye televisheni zilizokuwa majumbani yakaingia matangazo ya sabuni.

"Usipoweza," Bi Nyandwi akamalizia kwa upole, "liteme tu. Si aibu. Kazi ni nzito."

Kwa kitambo Mtukufu alimtazama yule mama, na waliokuwa karibu wanaapa kwamba machoni alionekana anafikiria, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana kwa miaka mingi. Kisha akamnong'oneza Waziri, na sauti yake ikanaswa na kipaza sauti.

"Huko kuna baridi?"

"Kali, Mtukufu."

"Basi siendi. Lakini jina ni zuri."

Waziri akasimama. Akajikohoza. Hapa ndipo mlitambue jambo moja: nchi ile haijawahi kukosa ufumbuzi. Inakosa maji, dawa, walimu na chumvi, lakini ufumbuzi inao.

"Ndugu wananchi! Mtukufu kwa moyo mkunjufu amelipokea jina. Ama kuhusu kazi, kwa kuzingatia majukumu yake mazito, anazikaimisha. Na nani afaaye zaidi kuliko mtumishi mwaminifu, mzaliwa wa huko huko? Bwana Matola! Kuanzia dakika hii, wewe ni Kaimu Mlima!"

Makofi yakapigwa. Matola akasukumwa mbele, akavishwa kile kitambaa cheusi, ambacho kweli kilikuwa na joto. Watu walidhani atalia au ataanguka. Yeye akauliza swali moja tu.

"Mheshimiwa, Kaimu Mlima anakaa wapi?"

"Kituo chake cha kazi, bila shaka."

"Na lori la dawa lililoko bohari linaweza kuandikwa kwamba linakwenda kwa Kaimu Mlima?"

Waziri akafikiri. "Vifaa humfuata mtumishi. Ndiyo. Hilo liko wazi kabisa."

Loo! Matola alitimua mbio na kitambaa chake kikipepea, na mara ya kwanza tangu aajiriwe watu wakamwona anacheka. Mlinzi wa geti aliposikia "kwa Kaimu Mlima" akafungua bila swali, kwa sababu huyo sasa alikuwa mtu mwenye cheo. Kitojo akawatoa kuku kwenye gurudumu, akawasha lori. Shangazi akapanda mbele, wazee na mbuzi nyuma. Wakampakia na polisi mmoja, Koplo Dangari, aliyepewa pingu na amri moja: yeyote atakayelitamka jina la Mtukufu kuuita mlima, akamatwe. Bila upendeleo.

Walisafiri lami ikaisha, matope yakaanza. Mara mbili walishuka wote kusukuma, Koplo naye akasukuma. Njiani Matola alikuwa anazungumza kama mtu mwingine. Alimweleza Kitojo jinsi mama yake anavyopika viazi, na kwamba watakapofika atawalazimisha kula hadi wavimbiwe. Shangazi alikuwa anatazama nje tu.

Walifika jua linachomoza. Nasike alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimenyolewa.

Matola alishuka na boksi la sindano kifuani. Hakuuliza kitu. Akalishikilia boksi lile mpaka bwana mganga alipokuja kumbandua kidole kimoja kimoja, akisema kuna watoto wawili zahanati wanazihitaji. Matola akakaa chini kwenye majani yenye umande, akalia kwa sauti, na hakujali tena kama ukelele una utaratibu.

Walimzika mama asubuhi hiyohiyo, kwenye mteremko ulio juu ya kijiji, na kilele cheupe kiko usoni pao. Walipokwisha kumshusha, Bi Nyandwi akamgeukia mpwa wake.

"Mtoto mkubwa ndiye anayeita."

Koplo akakohoa. "Poleni sana na msiba. Ila nawakumbusha, jina lile lina mwenyewe."

"Tunajua," Shangazi akasema. "Mwenyewe hayupo. Kaimu wake yupo. Basi Matola, ujiite, na ujiitikie, tumfukie mama yako."

Nawaambieni, alijaribu. Mtu aliyetii maisha yake yote hawezi kuacha kwa siku moja.

"Matola," akaita kwa sauti ndogo, macho yake mlimani. "Mpokee mama."

Sauti ikafia puani. Watu wakasubiri. Alitakiwa aitike yeye mwenyewe, akafungua kinywa aseme naam, na naam haikutoka. Alitazama chini kaburini. Alimwona mama yake ndani ya mkeka, mdogo kuliko alivyomkumbuka, amelala anasubiri kupokelewa na mtumishi wa Idara ya Matumizi. Akasema kimoyomoyo, hapana, hapa sipishi.

Akavua kile kitambaa. Akajaza kifua baridi.

"Ngorwe!" akapiga ukelele. "Ngorweee! Mpokee mama yangu!"

Na mlima ukaitika. Uliitika kutoka kilele kikubwa, ukaitika kutoka cha nyuma yake, kisha mabonde yakapokezana jina lile, Ngorwe, Ngorwe, Ngorwe, mpaka mbali kabisa. Wanawake wakaanza kulia. Wazee wakashika majembe.

Koplo Dangari alikuwa ameshatoa pingu.

"Nani ametamka?"

"Mimi," Matola akasema, akanyoosha mikono.

"Wewe nimekusikia. Ni mara mbili. Lakini jina limetamkwa mara nyingi zaidi ya hizo. Wengine ni akina nani?"

 Bi Nyandwi akainua mkono, akaonyesha juu.

Koplo akautazama mlima. Aliuanza miguuni, akapanda nao polepole hadi kofia ikamdondoka, na bado hakuwa amefika kileleni. Kisha akazitazama pingu.

"Amri inasema bila upendeleo," akasema baada ya kufikiri sana. "Nikimkamata huyu nikamwacha yule, nitakuwa nimependelea."

Akazirudisha pingu mfukoni. Akaomba koleo, akaungana na watu kufukia.

Matola hakurudi mjini. Nasikia yuko hukohuko, na cheo chake hakijafutwa kwa sababu kamati ya kukifuta iko ziwani. Zahanati ina kibao kipya, kilichoandikwa jina lake la zamani, na Koplo ndiye aliyeshika ngazi kilipokuwa kikitundikwa. Kule mjini Mtukufu naye bado anaitwa Ngorwe. Wanamwita redioni, wanamwita uwanjani, wenye wagonjwa wanamwita na wenye njaa wanamwita kutwa nzima, na hajaitika hata siku moja.